Kuni za Kupeleka Msituni

Vijana wa ofisi ya misitu mmeniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya kazi zamani, kwa sababu, mmesema, mafaili yaliliwa na mchwa. Mchwa nawafahamu. Yako mafaili ambayo hayakuliwa na mchwa, lakini hilo tuliache. Nitaandika juu ya kazi niliyoanza nayo, kupanga safari za wageni waliokwenda kulala kambi ya Mbambakofi, kusini ya Msambweni, pale msitu unaposhuka mpaka ukakutana na mikoko. Vyeo nilivyopata baadaye sitavigusa. Ninyi ndio mliokuwa mkisimama nikiingia, mnavijua.

Nilianza miaka michache baada ya uhuru, wakati mihuri ya ofisi ilikuwa mipya kuliko meza. Mimi, Nyamawi, ni Mduruma wa upande wa Kinango, nyumba ya wafugaji, na kwetu mtu akisimama kuwasifu ng'ombe wako, unamshukuru huku unawahesabu. Ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo nilipopewa kiti Kwale nikaambiwa niwe karani wa vibali, kazi haikunipa taabu. Barua zilikuja kutoka Mombasa, Nairobi na hata ng'ambo, watu wakiomba kwenda kulala porini kwa hiari yao. Hilo peke yake lilinitia shaka. Nyumbani kwetu mtu aliyelala porini alikuwa amepotelewa na mbuzi.

Barua ya kuomba kambi ilitakiwa kusema ni watu wangapi, siku ngapi, wanakuja na chombo gani na wanakuja kufanya nini. Hilo la mwisho ndilo nililolisoma kwanza. Aliyeandika maneno machache nilimwona anaficha, na aliyeandika mengi nilimwona anafunika. Baada ya hapo ndipo nilipoanza kupanga: mapipa mawili ya maji, kwa sababu kisima cha kambi kilikuwa na chumvi, maturubai, kandili na mafuta ya taa, vidonge vya homa, na sanduku la bati lenye kufuli la kuwekea unga. Sanduku lilikuwa kwa ajili ya nyani. Nyani wa Mbambakofi ndio viumbe pekee ambao sikuwahi kuwashuku, kwa maana nilijua tangu mwanzo kwamba ni wezi.

Mara ya kwanza kufika kambini nilishuka basi Msambweni nikaenda kwa miguu, viatu vya ofisi vikijaa mchanga. Mlinzi wa kambi alikuwa Mzee Mwasera, Mdigo wa kijiji cha jirani, mrefu, mkavu, mwenye koti la khaki la serikali alilolifunga vifungo vyote hata jua likiwa kali.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Safari? Wazee huko Kinango hawajambo?"

Sikuwa nimemwambia natoka Kinango. Nikakaa na jambo hilo siku nzima, nikijiuliza ni nani aliyempelekea habari zangu na kwa nini. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliyasikia matamshi yangu tu. Ndivyo nilivyokuwa.

Siku hiyo hiyo alinipeleka kwa wazee wa kaya. Kwa ninyi mliotoka mbali, kaya ni msitu ambamo Wadigo wa kale walikaa na kuzikana, na wazee wao wanaulinda mpaka leo. Kambi yetu ilikuwa nje ya mpaka wa kaya, lakini kwa hatua chache tu. Niliambiwa nivue viatu na kofia. Wazee wakamuuliza Mwasera maswali juu yangu nami nimesimama papo hapo: ametoka wapi, baba yake ni nani, mikono yake ikoje. Mimi hawakuniuliza hata moja. Kidigo na Kiduruma ni ndugu, niliyasikia yote, na nikaudhika kimoyomoyo kwamba karani wa serikali anazungumziwa kama ndama mnadani. Mwasera alijibu kila swali kwa utulivu, na wakaniruhusu.

Tuliporudi kambini nikaona tita za kuni zimepangwa chini ya banda, zimefungwa kwa kamba za makumbi. Zilikuwa za mvinje, zimeletwa na lori kutoka Kinondo.

"Mzee, kuni hizi za nini, na msitu wote huu?"

"Za kupikia."

"Na zile?" Nikamwonyesha msitu, ambako miti iliyoanguka ilikuwa imelala ikioza.

"Zile si kuni," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa kwenye kibali chochote. Ndani ya kaya hakukatwi kitu wala hakutolewi kitu, hata kijiti kilichooza chenyewe. Kwa hiyo kila safari niliyoipanga ilianza kwa kupeleka kuni msituni. Wageni walicheka sana. Niliwaandikia barua za heshima kuwaeleza, na moyoni nikawa nawaangalia wale waliocheka zaidi. Hesabu yangu ilikuwa tita mbili kwa siku kwa watu kumi, na Mzee Mwasera alisimama pale njia inapoingia, akikagua kila kilichoingia na kila kilichotoka.

Jambo lingine alilonifundisha ni maji. Njia ya lori ilivuka kijito cha mikoko, na mimi, mtu wa nchi kavu, niliamini kwamba kijito ni kijito. Kundi la kwanza nililipangia siku ya mwezi mpevu, saa kumi jioni. Bahari ya bamvua ikapanda, lori likasimama katikati na maji yakaingia kwenye godoro la mama mmoja wa Kizungu. Mzee Mwasera hakunisema. Alinikalisha chini akanifundisha kuhesabu siku za mwezi, siku za bamvua, maji yanapojaa sana, na siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu, mpaka nikaweza kuandika saa ya kuvuka juu ya kibali bila kumuuliza mtu. Hata wakati ananifundisha nilijiuliza anapata faida gani. Sikuipata, na badala ya kufarijika nikazidi kuitafuta.

Kisha akaja yule mtu wa ndege. Aliandika kwamba anakuja kuwaangalia ndege wa msituni. Nilikuwepo kambini siku aliyofika, na katika mizigo yake nikaona sururu mbili na sikuona darubini. Nilimuuliza, naye akanipa maelezo mazuri sana: sururu za kuchimbia choo, darubini inakuja na rafiki. Nikamwachia apite. Siku ya pili Mzee Mwasera akamkuta ndani ya mpaka wa kaya, amevaa viatu vyake, anachimba palepale ambapo wazee wa zamani waliizika dawa ya kinga ya mji wao. Tulimtoa. Bwana Misitu, mkubwa wetu wa Kwale, alinisifu mbele ya watu kwa kuwa nilikuwa nimeziandika zile sururu kwenye daftari. Sifa ile iliniharibu. Nilijifunza mambo mawili kwa siku moja, kwamba shaka yangu ni sahihi, na kwamba ukimuuliza mwizi unampa nafasi ya kujitengeneza. Tangu hapo nikaacha kuuliza.

Mwaka uliofuata walikuja walimu. Walikuwa kumi, kutoka bara, na kiongozi wao aliitwa Mwalimu Wekesa, mtu mnene mwenye furaha ambaye alipanda mwenyewe mpaka Kwale kuchukua kibali.

"Karani, hizo kuni punguza," akaniambia. "Tita kumi na nne ni mingi sana. Sisi tuko na mpango yetu."

"Mpango gani, mwalimu?"

"Ya kawaida tu." Akacheka.

Mtu anayecheka mbele ya karani wa vibali ana jambo. Sikupunguza kuni hata ukuni mmoja. Niliwapangia siku saba za maji mafu, nikaandika saa za kuvuka, nikatuma mapipa na maturubai, na nikapiga mstari mwekundu chini ya jina la Wekesa kwenye daftari langu.

Walipoondoka nilikwenda kukagua kambi. Ilikuwa Ijumaa, na Mzee Mwasera alikuwa anajiandaa kwenda msikitini. Tukasalimiana, akasema walimu walikuwa watu wema, wameacha kambi safi, nami nijisikie nyumbani mpaka arudi. Kisha akaenda. Nikaingia bandani. Tita tisa zilikuwa zimesimama pale, zimepangwa vizuri ukutani, hazijafunguliwa.

Nikapiga hesabu mara mbili. Watu kumi wamepika siku saba kwa tita tano? Haiwezekani. Nikaenda kwenye shimo la majivu nikalikuta limejaa. Nikachukua kijiti nikachokora, na chini kabisa nikapata kipande kilichoungua nusu, kizito, chekundu ndani. Hakikuwa mvinje. Nilikwisha kuona milango ya kutosha Mombasa kuujua mti ule. Ulikuwa mbambakofi, mti uleule ulioipa kambi jina lake, na uliosimama hatua chache nyuma yangu ndani ya mpaka.

Hapo kila kitu kikajipanga kichwani mwangu bila kusukumwa. Mzee anawaacha wageni wachome miti ya kaya, kuni za serikali anaziweka akiba, halafu anazipeleka kwa wakaanga samaki wa Msambweni. Ndiyo maana ananichekea. Ndiyo maana alinifundisha maji, ili nijione nina deni kwake. Sauti moja ndogo iliniuliza ni mwizi gani anayezipanga tita alizoiba ukutani ili karani azihesabu. Nikaijibu kwamba ni mwizi mwenye uzoefu.

Nilihitaji ushahidi. Kipande kilichoungua peke yake kingeweza kukanwa, kwa hiyo nilitaka cha kukilinganisha nacho. Bandani kulikuwa na panga la kambi. Nikalichukua, nikavuka mpaka, nikakata tawi moja la mbambakofi, unene wa mkono wangu, nikarudi. Nikachonga vyote viwili nikaviweka juani. Rangi hazikufanana sana. Tawi lilikuwa jeupe ndani na kile kipande kilikuwa chekundu. Nikajiambia ni moto uliobadilisha rangi, nikavitia vyote ndani ya gunia.

Mzee Mwasera akanikuta njiani akirudi kutoka msikitini.

"Ulikuja na mkoba, mwanangu," akasema, "unaondoka na gunia."

"Vitu vya ofisi, mzee."

Akaliangalia gunia, akaniangalia miguuni, nilipokuwa nimevaa viatu vyangu vya ofisi. "Haya. Nenda salama," akasema.

Sikumuuliza neno. Nilikuwa nafurahi, na leo naona haya kuiandika furaha ile.

Bwana Misitu alikuwa mtu wa haraka. Nilimwekea mezani kipande kilichoungua na tawi bichi, nikamweleza kwamba kimoja nimekitoa majivuni na kingine ni cha kulinganishia. Hakuuliza nilikikata wapi. Akaagiza Mwasera aitwe. Mzee akaja Kwale siku ya pili yake, koti limefungwa vifungo vyote, akatuamkia wote kwa adabu akabaki amesimama.

"Huu ni mti gani?" Bwana Misitu akamwonyesha kile kilichoungua.

Mwasera akakichukua, akakigeuza. "Ni mbambakofi, bwana."

"Umechomwa kambini kwako?"

"Umechomwa kambini."

"Wewe ukijua?"

"Nikijua."

Kisha macho yake yakaliangukia lile tawi bichi na yakakaa pale muda mrefu. Bwana Misitu akamuuliza kama ana la kujitetea. Mzee akasema, "Nimejibu nilichoulizwa, bwana." Akaambiwa aache koti. Akalifungua vifungo kimoja kimoja, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akatoka na kanzu yake. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao na nikaandika kwamba mshitakiwa amekiri.

Kufukuzwa kazi hakukuwa ndiko kulikomwumiza. Habari zilifika kijijini, na wazee wa kaya wakasikia kwamba mwenzao amechoma mbambakofi. Wakaenda kukagua msitu. Wakaliona jeraha la panga juu ya mti, bichi, utomvu bado unatoka, na panga la kambi lilikuwa panga la Mwasera. Wakamwambia asikanyage kaya mpaka neno hilo lijulikane. Alikuwa mmoja wao tangu ujana wa watoto wake. Baba yake na babu yake wamelala mle ndani. Mwezi ule ndio uliokuwa wa dua ya mvua, na wenzake wakaingia kuiomba huku yeye amebaki nje, watu wakimwona.

Niliyasikia haya nikasema anastahili. Siku moja tulikutana sokoni Msambweni na yeye ndiye aliyetangulia kunisalimia.

"Nyamawi, hujambo? Wale walimu walifika kwao salama?"

"Walifika," nikamjibu, nikaondoka haraka. Mnadhani nilikosa usingizi? La. Nililala vizuri, nikiamini kwamba mtu mwenye ubaya huwa na salamu nyingi.

Wiki tano zilipita, ikaja barua ya Mwalimu Wekesa. Aliomba kambi tena kwa likizo iliyofuata. Ninayo kichwani mpaka leo: "Safari hii, karani, usitutumie kuni nyingi. Tutapitia tena kwa yule fundi wa Ukunda anayetengeneza milango, ametuahidi vipande vya mbao kama mara ya kwanza. Mzee wenu msimwambie, maana alituchosha sana. Alitusimamisha njiani saa nzima akikagua kipande kimoja kimoja kama kina alama ya msumeno, ndipo akaturuhusu kuingia. Msalimieni."

Niliisoma mara tatu, na Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililolifikiri ni kwamba wamepanga pamoja. Nikapanda basi mpaka Ukunda. Fundi alikuwa Athumani, mtu wa Bongwe, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nikamsalimu nikamtolea kile kipande, ambacho nilikuwa nimekitunza kwenye mtoto wa meza.

"Hiki ni changu," akasema bila kukifikiria. "Ni mguu wa fremu. Tazama hapa."

Mwisho mmoja ulikuwa umeungua. Mwisho wa pili ulikuwa umekatwa kwa msumeno, bapa, sawasawa na pembe ya meza. Wiki tano nilikuwa nacho na sikuwahi kukigeuza.

"Nikisema kimetoka kwenye tawi bichi?" nikamuuliza, kama mtu anayezama na bado anabishana.

Athumani akacheka. "Tawi ni jeupe, ndugu yangu. Wekundu huu ni wa moyo wa gogo la zamani. Karani wa misitu hujui?"

Nilirudi Kwale nikamwambia Bwana Misitu yote. Kwa heshima yake, hakupiga kelele. Akaandika barua ya kumrudisha Mwasera kazini, akaitia muhuri, akanipa pamoja na lile koti. "Upeleke wewe," akasema.

Nilimkuta Mzee Mwasera nyumbani kwake, saa tisa mchana, anafua nazi. Nikamwamkia. Akaitika, akamwita mkewe alete chai, akanikalisha kwenye kiti na yeye akakaa kwenye mkeka. Nikampa koti na barua. Nikamwambia nimekosa, nilimdhulumu kwa mambo niliyoyatunga mwenyewe, naomba radhi.

"Nimekusamehe tangu siku ile," akasema. "Kunywa chai."

"Lakini kwa nini hukusema, mzee? Neno moja tu, kwamba zile ni mbao za Ukunda."

Akaifua nazi nyingine kabla ya kujibu. "Ningesema la kwanza, ningeulizwa la pili. Palikuwa na vitu viwili juu ya ile meza, Nyamawi. Kile cha Ukunda nilikijua. Na lile tawi nililijua pia. Nilikwenda kuutazama mti siku ileile uliyoondoka, nikaona nyayo za viatu. Neno la ofisini hufika kwa wazee kabla ya basi."

Nikakiweka kikombe chini. Kumbukeni, ndugu zangu, kwamba mpaka dakika ile sikuwa nimelitazama jambo hilo. Walimu hawakukata kitu kayani. Mlinzi hakukata kitu. Katika kesi nzima, mtu aliyevuka mpaka na panga, akakata mti wa kaya na kuutoa nje ndani ya gunia, alikuwa mimi, nikiwatafuta wakataji.

"Wazee wanajua?" nikamuuliza.

"Wanajua mti umekatwa. Barua hii ya serikali itanirudisha kambini. Kwa wazee hainirudishi."

"Basi waambie ni mimi."

"Mimi nilikusimamia nikasema mikono yako ni mizuri. Sasa niende nikuseme? Hilo ni lako."

Nilikuwa na sababu za kuogopa. Karani ambaye wazee wamemkataa asingeweza kupanga safari hata moja kule, na ningerudi Kinango kuchunga ng'ombe wa baba. Nilifikiri kuomba siku chache. Nilipomwangalia yule mzee, aliyekaa nje ya makaburi ya baba zake wiki tano kwa ajili ya kijiti changu, nikaona haya hata kuliwaza hilo.

Asubuhi yake tulikwenda. Nilivua viatu na kofia, nikafungwa kaniki kiunoni, nikasimama kwenye uwazi mbele ya mlango wa kaya. Wazee walikuwa watano. Mkubwa wao, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, safari hii alinigeukia mimi.

"Nani aliyekata?"

"Nilikuwa kwenye uchunguzi," nikaanza. "Ofisi ilihitaji ushahidi wa kulinganisha, na kwa kuwa..."

"Hatukuuliza ulikuwa kwenye nini."

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekata. Mzee Mwasera hakujua."

Wakazungumza wao kwa wao, taratibu. Kisha yule mkubwa akasema kosa limejulikana, nalo lina mbuzi mweusi wa kusafishia. Nikaruka kwa furaha kwa kuwa mbuzi ndicho kitu nilichokuwa nacho. Nikasema nitamleta kutoka kwetu kabla ya Ijumaa, beberu mzuri, hata wawili.

"Mgeni hatozwi," akasema. "Anatozwa aliyemwingiza."

Mwasera hakushangaa. Alikwenda nyuma ya kichaka akarudi anamvuta mbuzi mweusi kwa kamba. Alikuwa amemfunga pale kabla hajanipitia alfajiri ile. Nikamshika mkono nikamwomba aniache nilipe mwenyewe, nikamwambia sitaweza kulivumilia hili. Akauondoa mkono wangu polepole, akawakabidhi kamba. Nililia mbele ya watu wazima, na sikujali.

Mbuzi alipokwisha kupokelewa, mzee mkubwa akauliza swali lililobaki. "Mwasera, mtu huyu bado ni wako?"

Maana akisema ndiyo, kosa langu lolote la baadaye lingekuwa lake tena. Na akisema siyo, hapakuwa na mtu mwingine wa kunisimamia. Mwasera akaniangalia. Nilijua vizuri kinachopita kichwani mwa mtu anapomwangalia mwenzake hivyo, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kama alikata moja kwa ushahidi, amekata mangapi kwa mengine? Safari zake zote hizo, na magunia yake yote hayo? Ningekuwa mimi nimeketi pale, ningekuwa nimeshamhukumu.

"Subirini," Mwasera akasema. "Nimuulize kwanza."

Akanigeukia. "Nyamawi, ulikata matawi mangapi?"

"Moja, baba."

"Ni wangu," akawaambia.

Hakuna aliyekwenda kuhesabu.